Bwawa Lililoganda

Idarousse alikwenda Moroni mwezi wa Novemba mwaka 1976 kununua karatasi za picha, maana huko kwao Mutsamudu, kwenye kisiwa cha pili, zilikuwa hazipatikani tena tangu Wafaransa wafunge virago vyao. Hakwenda kutafuta ugomvi na mtu. Mvua ndiyo iliyomwingiza kwenye ule ukumbi. Ilimkuta njiani, akakimbilia ukumbini mwa ofisi moja ya serikali iliyoshughulika na mambo ya habari, na alipokuwa akijikung'uta maji aliinua macho akaona picha ukutani.

Ilikuwa kubwa, upana wa mikono miwili, ndani ya fremu ya mti mweusi. Bwawa lililoganda kuwa barafu. Matete yaliyovikwa sakitu, kila jani limechongoka kama sindano ya kioo. Jua jembamba nyuma ya ukungu. Na katikati, kando ya kijishimo cha maji yasiyoganda, korongo amesimama kwa mguu mmoja. Chini yake pamebandikwa kibao cha shaba: *Alfajiri ya Baridi, picha ya Kamardine wa Itsandra.*

Idarousse aliuingiza mkono wa kushoto mfukoni. Kidole cha kati na cha pete vya mkono ule viliishia kwenye kiungo cha kwanza. Vipande vilivyosalia vilibaki Ufaransa, kwa sababu ya picha hiyo hiyo.

Miaka sita nyuma alikuwa Lyon, akifanya kazi ya udobi katika hospitali, akifua mashuka. Chumba alikipanga pamoja na Kamardine, kijana wa Itsandra aliyekuja kusoma na masomo yakamshinda. Walikula chungu kimoja. Kamera ilikuwa ya Idarousse, kamera kuukuu aliyoinunua kwa mzee mmoja, na kila Jumapili ya majira ya baridi alikuwa akipanda basi la mwanzo kwenda nje ya mji, kwenye nchi ya mabwawa na matete. Kamardine alifuatana naye mara moja tu, akarudi analalamika miguu.

Idarousse hakuwa na taa ya kupigia picha na hakuitaka. Alitaka mwanga ule ule wa Mungu, namna unavyoshuka. Aliyajifunza mambo yake peke yake, kwa kuharibu. Alijifunza kwamba kipimo cha mwanga hudanganywa na weupe wa barafu, na ukikitii picha yako itatoka ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, hivyo inabidi uachie mwanga uingie zaidi ya unavyoambiwa. Alijifunza kuiweka kamera ndani ya koti, kwapani, isije ikapooza. Alijifunza kuizungusha filamu polepole, kwani kwenye baridi kali hukatika kama ukuti mkavu. Alijifunza kulala kifudifudi na kubana pumzi, maana pumzi ikigusa kioo basi huoni kitu.

Jumapili ile alifika bado giza. Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa mzito kama pamba, haoni hata mkono wake. Mwingine angeondoka. Yeye alingoja. Alingoja mpaka saa nne na nusu, akihisi tumbo lake linashikana na barafu, na ghafla jua likapenya kwa nyuma na matete yote yakawaka. Korongo alikuwapo. Idarousse alipiga picha ishirini na moja.

Alipoinuka kusogea mbele, barafu ikapasuka chini yake. Alizama hadi kifuani. Mkono wa kushoto aliuinua juu kuiokoa kamera, na glavu ilikwisha rowa. Alipofanikiwa kutoka ilimchukua saa nzima kufika barabarani, ile kamera ameishika juu vilevile, kama mtu aliyebeba msahafu kwenye mafuriko. Hospitalini walimkata vidole viwili.

Kamardine alikuja kumtazama. Idarousse akampa filamu kwa mkono wake mwenyewe. "Zipeleke zikasafishwe. Chagua tatu, uzipeleke kwenye yale mashindano ya ukumbi wa mji. Andika jina langu vizuri, wasije wakakosea."

"Wewe pona tu, mwananya, ndugu yangu," Kamardine alisema. "Mengine niachie mimi."

Alikuja tena mara moja, halafu hakuja. Idarousse alipotoka, wiki sita baadaye, alikuta upande wa pili wa chumba mtupu. Kutoka kwa watu alisikia kwamba Kamardine ameshinda, ameandikwa gazetini, na zawadi yake ilikuwa nafasi katika shule ya upigaji picha huko Paris. Barua tatu alimwandikia. Hakujibiwa hata moja.

Visiwa vilipopata uhuru, Julai 1975, Idarousse alirudi kwao. Alifungua studio katika chumba cha chini cha nyumba ya mama yake, ndani ya vichochoro vya Mutsamudu, penye dirisha moja linalotazama kaskazini. Aliwapiga picha maharusi na mahujaji kwa mwanga wa dirisha lile. Alidhani yamekwisha. Sasa yuko hapa, maji yanamdondoka kwenye nguo, na kibao cha shaba kinamwangalia.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Kamardine akatoka na wageni wanne, wazee wa heshima wenye kofia zilizodariziwa. Alikuwa amenenepa, na koti lilimkaa vizuri. Hakumwona Idarousse. Aliwasimamisha wageni mbele ya picha.

"Hii niliipiga alfajiri," aliwaambia. "Jua ndiyo kwanza linachomoza. Baridi yake, wazee wangu, haielezeki."

"Ilikuwa saa nne na nusu," Idarousse alisema.

Wote waligeuka. Kamardine alimtambua papo hapo, na uso wake ukabadilika, kisha ukarudi kama ulivyokuwa.

"Alfajiri hapakuwa na mwanga," Idarousse aliendelea. "Palikuwa na ukungu mtupu. Mwambieni huyo aseme jua lilikuwa wapi, wazee wangu. Muulizeni alilala upande gani wa bwawa. Muulizeni aliachia mwanga kiasi gani."

Mzee mmoja alicheka kwa upole, kama watu wanavyomchekea mlevi. "Kijana, alfajiri au saa nne, si barafu ile ile?" Wengine wakacheka pia. Kamardine akamshika Idarousse bega, akampeleka mlangoni huku akitabasamu, kama anayemsindikiza ndugu. Huko, midomo karibu na sikio, akamwambia, "Nani atakuamini? Ulikuwa dobi. Wewe ulifua mashuka ya wagonjwa. Nenda kwenu, Idarousse."

Hakwenda kwao. Alituma habari kwa mama yake kwamba amepata kazi, na kazi kweli aliipata. Wakati ule vijana wa shule ndio walioshika nchi. Kila mtaa ulikuwa na kamati yake, na kila kamati ilitaka picha za vitambulisho. Idarousse aliwapiga picha kwenye uwanja wa shule, nyuma yao shuka jeupe, mbele yao jua la asubuhi. Alikaa hivyo miezi mitano. Asubuhi akipiga picha, jioni akitembea mpaka Itsandra, kupita mbele ya nyumba ya Kamardine na kurudi. Hakufanya lolote. Alitazama tu milango, madirisha, mahali mwanga ulipowaka. Alikuwa mtu wa kungoja.

Aprili 1977 Mongozi, kama alivyoitwa rais wa nchi, alitangaza kwamba wafanyakazi wote wa serikali wamefukuzwa, na makaratasi ya zamani yakachomwa hadharani. Kamardine akapoteza ofisi siku moja na wenzake. Ile picha kubwa ilitolewa ukutani, na Idarousse hakujua ilikokwenda. Lakini nyumba Kamardine alibaki nayo, na kamera zake, na makabati yake. Kwa Idarousse hiyo haikutosha. Mtu aliyefukuzwa pamoja na watu elfu hajaadhibiwa.

Akaenda kwa Rahmati. Huyu alikuwa mkuu wa kamati ya mtaa, msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye sauti iliyokauka kwa hotuba. Idarousse alimpenda kwa kuwa alikuwa akisikiliza. Alimweleza ukweli wote tangu mwanzo: basi la Jumapili, barafu, vidole, mashindano. Akautoa mkono wake mfukoni, akauweka mezani.

Rahmati aliutazama mkono. "Pole, Fundi," alisema. "Nasikitika kwa vidole vyako. Lakini mimi nina watu hawana mchele. Picha ya maji magumu ya huko Ulaya, iwe yako au yake, itamsaidia nani hapa?"

"Ni mwizi."

"Ameiba picha ya ndege."

Idarousse aliuondoa mkono mezani. Na pale alipokuwa amekaa, bila kupanga, alisikia maneno mengine yakimtoka, laini, yamepangika, kana kwamba yalikuwa yakimngoja.

"Basi nikwambie jambo linalokuhusu wewe. Kamardine anawapiga picha vijana wa kamati. Sura moja moja. Anazituma Paris kwa wakubwa wa zamani waliokimbia, ili siku wakirudi wajue nani wa kukamata."

Kalamu ya Rahmati ilisimama. "Una hakika?"

"Naijua kazi yake. Tazama ndani ya makabati yake. Utakuta sura yako."

Na alijua itakuwamo. Kamardine alikuwa amepiga picha za gwaride na mikutano yote kwa amri ya ofisi yake. Sura za vijana zilijaa kabatini mwake kama vile sura za maharusi zilivyojaa kabatini mwa Idarousse.

Walikwenda siku ya pili, asubuhi kweupe. Idarousse aliwafuata kwa mbali, akasimama kwenye ukuta wa jirani. Aliwaona wakiingia, akasikia vitu vikivunjwa. Rahmati alitoka akiwa ameshika picha yake mwenyewe, yuko jukwaani, mdomo wazi, mkono juu. Aliinyanyua wenzake waione. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali. Makabati yalitolewa uani, bahasha zikamwagwa rundo moja, petroli ikamiminwa juu yake. Filamu huungua vibaya. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, na harufu yake ilimkaba kila mtu koo. Kamardine walimkalisha kwenye jiwe, wakamnyoa kichwa kwa wembe bila maji. Damu ilimtiririka sikioni. Kisha wakampakia garini.

Idarousse aliona raha. Tusimfiche. Alisikia utamu ukimpanda kutoka tumboni mpaka kichwani, akarudi Moroni kwa miguu akitembea kama mtu mwepesi, na mchana ule alikula sahani mbili.

Siku ya tatu mlango wake ulibishwa. Alikuwa Hadjira, mke wa Kamardine, mwenye asili ya Mirontsy, jirani kabisa na Mutsamudu. Alikuwa amejifunika shiromani mpaka machoni. Idarousse hakujua afanye nini, akamkaribisha kiti.

"Kaka Idarousse," alisema, "wewe vijana wanakusikiliza. Nimekuja kukuomba umsemee mume wangu. Najua mlikuwa marafiki huko Ulaya."

"Nani kakwambia tulikuwa marafiki?"

"Yeye. Na nimeona mwenyewe. Alikuwa na bahasha yako kabatini, bahasha ya kaki, jina lako limeandikwa juu kwa wino. Aliniambia, nikifa mpe mwenyewe, ni amana. Zilikuwamo negativu, zile filamu za mahali pa barafu. Niliiona kwenye moto ule, nikakimbilia kuichukua, wakanirudisha." Alifuta macho kwa ncha ya shiromani. "Nisamehe, kaka. Nilishindwa kuiokoa."

Idarousse aliinamisha kichwa. Hadjira alidhani ni huruma, akambariki, akaondoka.

Alipokuwa peke yake, Idarousse aliziona zote ishirini na moja, moja baada ya nyingine, matete, jua, korongo akiinamisha shingo. Ukimwondoa Kamardine, hakuna mtu mwingine duniani aliyeziona zote. Na sasa zilikuwa majivu uani Itsandra, na yeye alikuwa amesimama pale pale akivuta moshi wake. Mtu mwingine angelia. Idarousse alizidi kumchukia Kamardine. Kwa nini alizitunza? Mwizi wa kweli angezichoma mwenyewe siku ya kwanza. Huyu amezilinda miaka yote, ameandika jina, ameita amana, ili kosa la mwisho liwe la Idarousse. Alipiga ngumi ukutani kwa mkono ule mbovu mpaka ukavimba. Lakini kwa Rahmati hakwenda kufuta maneno yake. Wiki ile ile alirudi Mutsamudu.

Mwaka ukapita. Mei 1978 serikali ikapinduliwa na milango ya magereza ikafunguliwa. Mwezi wa Julai, kabla ya sala ya adhuhuri, mtu mmoja aliinama kuingia katika studio ya Idarousse. Mifupa ya mashavu ilikuwa imemtoka, na nywele zilikuwa zimeota kwa mabaka meupe. Idarousse alimjua kwa sauti.

"Nataka picha ya pasipoti," alisema Kamardine. "Nimekuja kumchukua Hadjira kwa wazazi wake Mirontsy. Tunakwenda Marseille. Nimeambiwa kisiwani hapa ni wewe tu uliyebaki na karatasi."

"Kaa."

Alimkalisha mbele ya dirisha. Mwanga wa kaskazini ulimwangukia ubavu, ukaonyesha kila kovu la kichwani. Idarousse alipiga mara moja. "Njoo Alhamisi," alisema. Na mwenzake alipotoka tu, akaifungua kamera mgongoni, akaiacha filamu wazi penye mwanga.

Alhamisi alimwambia imeharibika. Kamardine alikaa tena mbele ya dirisha, na mara ile tena Idarousse akaifungua kamera. Jumamosi Kamardine alipoambiwa imeharibika, alibaki amesimama.

"Katika mwanga huu," alisema, "wewe huwezi kuharibu hata ukifumbwa macho. Nataka unieleze unachotaka."

"Unajua ninachotaka."

"Na mimi najua nani aliyepeleka habari kwa yule msichana. Walinisomea mashitaka. Kwamba napiga sura moja moja. Nikasema moyoni, haya ni maneno ya mtu wa kazi yangu. Mwaka mzima, Idarousse. Nilibeba mawe mwaka mzima."

"Mimi nimebeba mkono huu miaka minane."

Walitazamana. Nje mwanamke alipita akinadi samaki. Hatimaye Idarousse akasema, "Leo baada ya alasiri utasimama bangweni, mbele ya wanaume wote wa mji, useme ile picha ni ya nani. Ukisema, jioni utapata picha yako ya pasipoti."

Bangwe la Mutsamudu, pale wanaume wanapokaa kwenye viti vya mawe baada ya sala, lilikuwa limejaa. Kamardine alisimama katikati. Wengi walimjua kwa jina. Sauti yake mwanzo ilikuwa ndogo, wakamwambia apaze.

"Wazee wangu, ile picha iliyonipa jina, ya bwawa la barafu, sikuipiga mimi. Aliipiga Idarousse wa mji huu. Alilala juu ya barafu tangu usiku mpaka saa nne na nusu, akakatwa vidole kwa ajili yake. Alinipa filamu nimpelekee mashindanoni, nikaandika jina langu. Nilimwibia akiwa kitandani hospitali."

Minong'ono ikaenea. Mafundi wa milango, makarani, watu wa bandarini, wote waligeuka kumtazama Idarousse, na mmoja akamshika mkono akautazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Idarousse alisimama wima. Ilikuwa saa aliyoingoja miaka minane. Alitamani isiishe.

"Na jambo la pili," Kamardine alisema. "Idarousse huyo huyo alikwenda kwa kamati akanizulia kwamba mimi ni jasusi. Nimefungwa kwa uongo wake. Vyote vilivyokuwamo kabatini mwangu vilichomwa, na picha zake zikiwemo. Sasa nimemaliza. Muulizeni."

Hapo palikuwa na watu walionyolewa vichwa mwaka ule, na watu waliofiwa. Yule aliyemshika mkono akauachia.

"Ni kweli?" mzee mmoja aliuliza.

Idarousse angeweza kukana. Hapakuwa na shahidi. Lakini alikuwa amengoja muda mrefu mno kusikia ukweli ukisemwa mahali pale, na hakuweza kuuchukua nusu.

"Ni kweli," alisema.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliinuka mmoja mmoja, wakakung'uta kanzu zao, wakaondoka. Kamardine alimfuata mpaka studio. Jua lilikuwa limeshuka lakini dirisha bado lilikuwa na mwanga wa kutosha. Idarousse alimpiga picha, akaisafisha pale pale, akaikausha, akaikata kwa mkasi vipande vinne vilivyolingana. Ilikuwa picha nzuri. Kamardine aliitazama kwa muda, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi, akazitia mfukoni.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sikukuomba," Idarousse akajibu. "Wala mimi sijakusamehe."

Baada ya hapo maharusi wa Mutsamudu walianza kuvuka bahari kwenda kupigwa picha Moroni. Idarousse alibaki na picha za wageni na za watu wa vijijini kutoka Patsy ambao habari haijawafikia. Mama yake, Moinahalima, alivumilia wiki mbili, kisha siku moja akaacha kuchambua mchele akamuuliza.

"Ulitaka aseme, amesema. Moyo wako umetulia, mwanangu?"

Idarousse alifikiri. Alitaka kumjibu vizuri, kwa kuwa hakuwa akimdanganya. Alijipima, akakuta hasira iko pale pale, haijapungua kitu. Jambo moja tu angelibadili: kabla ya kwenda kwa Rahmati, angeingia kwanza kwenye nyumba ile Itsandra na kuitafuta bahasha.

"Bado, mama," alisema.

Moinahalima akarudi kwenye ungo wake. Mlangoni palikuwa na mtu wa Patsy amesimama na mkewe, wamevaa nguo za sikukuu, wakiuliza kama fundi yupo. Idarousse aliwakaribisha, akawasogeza karibu na dirisha, akamwambia mwanamke ainue kidevu kidogo.